Mteremko wa Niru pale Ghalani

Nyinyi mafundi wa siku hizi mnabandika vigae asubuhi, mchana mmeshapanda pikipiki, jioni mko kwenye simu. Siwasemi vibaya. Ningekuwa na magoti mazima ningebandika vigae na mimi. Lakini juzi nilimwita kijana mmoja wenu hapa Nshamba, nikamwambia aipige niru sakafu ya jiko langu. Akanitazama kama nimemsemesha Kijerumani. "Babu, niru ndiyo nini?" Nikakaa kitako juu ya mfuko wa sementi, nikaona heri niandike maneno haya kabla sijaondoka nayo.

Niru ni uji wa sementi. Unamwaga zege, unasawazisha, halafu unasubiri, na kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Ukiwahi, uji unazama. Ukichelewa, haushiki, na baada ya mwezi unabanduka vipande vipande na mwenye nyumba anakutafuta. Mwalimu wangu, Ta Zakaria, yaani Mzee Zakaria kwa Kihaya, alipima kwa kidole gumba. Kidole kikiacha alama bila kulowa, saa imefika. Unanyunyiza sementi, unarashia maji, unasugua kwa mwiko wa chuma huku umepiga magoti juu ya kipande cha ubao, unarudi nyuma kidogo kidogo mpaka sakafu ing'ae. Ukimaliza, usikanyage. Mwambie na mwenye nyumba asikanyage, na afunge mbuzi wake.

Ta Zakaria alikuwa Mlutheri wa huku huku kwetu Muleba, mrefu, mkavu, mtu wa kucheka Krismasi na Pasaka. Alinifundisha kila kitu ninachokijua, na alinifundisha kwa maneno machache. "Pa kukalia watu, niru," alikuwa akisema. "Pa kupitishia mzigo, ufagio." Maana yake ni hii: sakafu ya kupandishia magunia huisugui mpaka ing'ae. Ikiwa bado mbichi unaikokotea ufagio mgumu, inabaki na michirizi, na mguu wa mtu aliyebeba unapata pa kushika. Mtoto mdogo angeelewa.

Mimi nilielewa vizuri sana, na bado nikaharibu.

Tulikuwa tunajenga ghala la kahawa mjini Bukoba, upande wa kushukia ziwani. Mwenye ghala tulimwita Mzee Kilo, kwa sababu hakuzungumza dakika tano bila kutaja kilo. Mlango wa ghala ulikuwa juu ya barabara kwa kimo cha mtu mzima, kwa hiyo palihitajika mteremko mrefu wa zege ili wachukuzi wapandishe magunia kutoka kwenye malori. Siku ya kuumaliza, Ta Zakaria akaitwa kwenye msiba wa mkwewe.

"Mteremko umalize wewe," akaniambia. "Unajua cha kufanya?"

"Najua, waitu," nikajibu kwa heshima ya kwetu.

"Nini?"

"Ufagio."

Akaondoka. Nikabaki na zege langu bichi na barabara iliyojaa watu. Mnajua sisi Wahaya tunavyosemwa kwa majivuno, na wanaotusema hawakosei sana. Wasichana wa shule ya ushonaji walipita pale mchana na jioni. Nikajiuliza, mimi niliyesugua sakafu za wachungaji na za mahakimu, wanione nakokota ufagio kama nasafisha zizi? Nikapiga niru. Niliipiga kutoka mlangoni hadi barabarani, nikaisugua mpaka niliona mawingu ndani yake. Wasichana walisimama kutazama. Siku mbili nilitembea mjini nimebinua kidevu.

Siku ya tatu likaja lori la kwanza. Mchukuzi wa kwanza kupanda aliitwa Mutalemwa, kijana wa Kemondo, mabega mapana, mtu wa maneno mengi hata akiwa na gunia kichwani. Alifika karibu na mlango, mguu ukateleza. Gunia likatangulia, yeye akaangukia juu yake amekaa, na wote wawili wakashuka. Walishuka mteremko mzima, wakavuka barabara, wakasimama kwenye nyasi ng'ambo. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kukimbilia.

Mutalemwa akasimama, akajipapasa mbavu, akatazama juu alikotoka.

"Nipeni gunia jingine," akasema. "Sasa hii ndiyo kazi."

Ta Zakaria aliporudi alivua viatu, akasimama mlangoni, akajaribu hatua moja, akaudaka mwimo wa mlango. Tukaenda kula. Kisha akasema, "Umekijenga vizuri sana kitu ambacho hukutumwa." Akaamuru kwamba Jumatatu nichukue tindo na nyundo, niugonge mteremko wote uwe na madoa, vishimo vidogo vya kushika mguu. Watu wapandishe kwa ngazi ya mbao mpaka hapo.

Jumatatu hiyo haikufika kwetu. Vita vilikuja kutoka mpakani. Ndege zilipita juu ya mji, na watu wa ng'ambo ya mto wakaanza kumiminika na magodoro, mbuzi na wagonjwa wakielekea Muleba. Nilifunga zana zangu kwenye shuka, nikatembea nao mpaka hapa Nshamba. Ta Zakaria naye alirudi kwake, na mjini hakurudi tena. Magoti yalikuwa yamemshinda, kama haya yangu.

Niliporudi Bukoba, vita vikiwa vimesogea ng'ambo ya mpaka, ghala lilikuwa limefungwa kwa minyororo. Kahawa ilikuwa haipiti pale, Mzee Kilo alikuwa amekimbilia kwa ndugu zake, na wachukuzi walikaa ukutani mikono mitupu. Kitu kimoja tu kilikuwa kwa wingi: magari mabovu. Vita viliyaacha kando ya barabara, na ndani ya kila gurudumu mna beringi.

Mutalemwa alipata beringi nne. Akachukua ubao wa mkaratusi, akatoboa, akaweka ekseli za mti, akapata kigari cha kuburutia mizigo sokoni. Jumapili moja alikipandisha juu ya mteremko wangu, akasimama juu yake, akashuka amesimama wima. Kelele za chuma juu ya sementi zilisikika mpaka ziwani. Watu walitoka majumbani wakidhani wanajeshi wamerudi.

Baada ya hapo kila mchukuzi alitengeneza cha kwake. Walisubiri ibada iishe, maana wazee wa kanisa walikuja kulalamika mara moja na walikuwa na haki, halafu mji mzima ukahamia ghalani. Watu walitoka Kemondo kwa miguu. Walitoka Muleba kwa basi, wakija na ndizi zao za kuchoma. Wavuvi wa visiwani waliokuja kuuza dagaa walichelewa boti makusudi. Na mitindo ilikuwa na majina. Kulikuwa na kushuka kipadri, mikono imefumbatwa kifuani, uso hautikisiki. Kulikuwa na kuchuma kahawa, unainama unagusa sementi huku na huku ukiwa kwenye mwendo. Na kulikuwa na kuruka senene, ambako unafika chini, unaruka na kigari chako juu ya mtaro, unatua ng'ambo. Senene aliiweza Mutalemwa peke yake. Wengine waliijaribu, na meno yao yako mtaroni mpaka leo.

Mara moja kikosi cha wanajeshi kilisimama pale kikisubiri gari. Askari mmoja, kijana wa Kusini kwa lafudhi yake, aliomba kigari. Alianguka mara tatu, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema akirudi kutoka mstari wa mbele atashuka amesimama, na Mutalemwa akamwahidi kumtunzia kigari kile kile. Alikitunza muda mrefu. Yule kijana hatukumwona tena, wala hatukujua jina lake.

Mimi nilikuwa mwenye mteremko. Hakuna aliyeniteua, ila kila Jumamosi nilifika na karai langu. Chukueni hili, litawafaa: ufa hauzibwi juu juu. Ukipaka niru juu ya ufa mwembamba, kesho umerudi. Lazima kwanza uupanue kwa tindo, uoshe vumbi lote, uloweshe, ndipo ujaze. Nilipanua na kujaza nyufa za mteremko ule kwa miaka, kwa sementi ya masalio ya kazi nyingine, na sijawahi kuitunza kazi ya mtu aliyenilipa kama nilivyoitunza ile. Wachukuzi waliniita Ta Fundi, hata wale niliolingana nao. Jumapili jioni, jua likipiga kwenye ile sakafu, wanaume wale wakishuka mmoja baada ya mwingine na watu wakiwaita majina, nilikuwa mtu mwenye furaha. Naandika neno hilo nikijua maana yake.

Kisha ikaja Juliana. Ndivyo tulivyouita huku kwetu ule ugonjwa mwanzoni, kwa jina la nguo za magendo zilizovuma wakati ule, kabla redio haijatuletea jina la UKIMWI. Tulisema ni uchawi wa wafanyabiashara, tukasema ni laana ya vita. Tulisema mengi, watu wakaendelea kufa. Nami sijawahi kuwa na kazi nyingi kama miaka ile, kwa sababu makaburi kwetu yako migombani, nyuma ya nyumba, na wenye uwezo walitaka yasakafiwe. Nilitoka kibanja hiki nikaingia kile. Siku moja nilisakafia matatu ya nyumba moja, na mama mwenye nyumba aliniletea chai akaniuliza kama sementi imebaki. Sikuweza kuinywa chai ile.

Pale ghalani, Jumapili kwa Jumapili, wakapungua. Mtu haji leo, unaambiwa ana malaria. Baada ya miezi unaitwa kwao na karai lako. Vigari vilibaki vimeegemezwa ukutani bila wenyewe, na hakuna aliyetaka kuvigusa.

Kisha Mutalemwa akaanza kukonda.

Alikuwa akikaa na dada yake, Koku, chumba kimoja karibu na soko. Nilipofika kumwona, Koku alinizuia mlangoni kwanza. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, ila siku ile hakuipunguza.

"Ta Fundi, majirani hawampi hata kiti," akasema. "Wakimwona wanahamisha vikombe. Kuanzia Jumatatu amegeukia ukutani, hali, haongei. Jumapili tu ndiyo anaomba maji ya kuoga. Anataka kwenda kwenye sementi yako."

"Anaweza kutembea?"

"Namshika. Nasikia mwenye ghala anarudi; akiufunga ule mteremko, sina kitu kingine cha kumtolea kitandani. Nakwambia ukweli, sina."

Na ilikuwa hivyo. Pale hakuna aliyemhamishia kikombe. Alikaa juu mlangoni, akashuka polepole, akiwa amekaa, miguu mbele, na wale waliobaki walimpandishia kigari chake. Wiki nzima aliisubiri saa ile moja tu.

Basi wiki hiyo hiyo Mzee Kilo akarudi. Minyororo ikafunguliwa, ghala likafagiliwa, malori yakaanza kuja. Akaniita, akaupiga mteremko kwa fimbo. "Huu ugongwe. Nataka magunia yapande kwa mguu, si kwa ngazi. Ngazi inakula muda. Anza kesho."

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili silicheki. Nilijikohoza nikasema, "Mzee, huwezi kuugonga sasa. Zege hili liliachwa bila kumwagiliwa maji wakati wa vita. Halijakomaa ndani. Ukiligonga, ufa utakimbia mpaka kwenye nguzo za ghala."

Vijana, zege lile lilikuwa na miaka mingi. Lilikuwa limekomaa kuliko mimi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angenicheka. Lakini Mzee Kilo alijua kahawa, hakujua zege, na aliniamini kwa sababu sakafu zangu zilikuwa nzuri. "Linahitaji muda gani?" akauliza. Nikamwambia tulimwagilie, tuone baada ya mavuno. Nikawa namwagilia maji kila asubuhi, mbele ya watu, kama mtu anayemwagilia jiwe ili liote.

Wachukuzi, wengi wao wapya, wakatandika magunia matupu juu ya mteremko wapate kushika mguu, na Jumapili tunayatandua. Mutalemwa anaoga, anakuja. Niliona nimeweza.

Mvua zilipoanza, magunia yale yalilowa. Mchukuzi mmoja aliyeitwa Byabato, mtu mzima, mpole, alikanyaga kona ya gunia ikateleza naye. Hakushuka amekaa kama Mutalemwa siku ile. Mzigo ulimjia juu. Nilikuwa pale na ndoo yangu ya maji nikausikia mguu unavunjika.

Tulimpeleka hospitali. Hakubeba tena. Nilikaa nje ya wodi siku mbili, na mkewe alinishukuru kwa kukaa nao, akanigawia ugali wake. Siku ya tatu nilikwenda kwa Mzee Kilo, nikamwambia kweli yote. Alinifukuza kazi pale pale, na alikuwa na haki. Nikamwomba jambo moja, niugonge mteremko mwenyewe. Akasema haya, na nisionekane tena baada ya hapo.

Nilianza asubuhi ya Jumapili, watu wakiwa ibadani, kwa sababu sikutaka kutazamwa. Nilikuwa nimegonga robo ya juu Koku alipomleta Mutalemwa. Alikuwa ameoga. Alikuwa na kigari chake kwapani. Akatazama madoa, akatazama tindo.

"Koku ameniambia habari za Byabato na za uongo wako," akasema. "Ulimdanganya mzee wa watu kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Mimi ni mchukuzi, Ta Fundi. Hukukumbuka? Kabla sijawa chochote pale juu ya kigari, mimi ni mchukuzi." Alikuwa amekasirika, na hasira ilimrudishia sura yake ya zamani. "Nipe tindo."

Nikampa, na nyundo, nikachukua zangu nyingine. Akakaa chini, akagonga. Mkono wake ulikuwa mwembamba kama mpini wa nyundo. Alipiga mara kumi akapumzika, akapiga tano akapumzika. Tulishuka hivyo, yeye huku na mimi kule, tukirudi nyuma kama watu wanaopiga niru. Pembeni, kando ya ukuta, nilikuwa nimeuruka ukanda mwembamba, upana wa kigari tu. Aliuona.

"Na hapo," akasema.

"Hapo hapapiti mtu na mzigo."

"Mvua ikinyesha watapita popote. Gonga."

Nikagonga.

Tulipomaliza tulikaa juu, kwenye vumbi la sementi. Watu walikuwa wanatoka ibadani. Wachache walisimama ng'ambo ya barabara, wakaona, wakaenda zao. Ndipo Mutalemwa aliponiuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza miaka yote ile.

"Ta Fundi, hivi wewe uliwahi kushuka?"

Nilitaka kusema uongo, maana nilikuwa nimeshauzoea.

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Nilikuwa naangalia nyufa."

Alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nami nikamshika mgongo nikauhisi wote chini ya shati. Kilipopoa, akaweka kigari chake juu kabisa, kwenye yale madoa tuliyoyagonga.

"Panda."

"Hakitakwenda."

"Najua hakitakwenda. Panda."

Nikapanda. Mwanaume wa makamo, na suruali ya kazi. Alisimama nyuma yangu, Koku amemshika kiuno, akanisukuma kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Kigari kilikwenda shubiri moja. Kisha beringi zikaingia kwenye madoa, kikasimama.

"Haya," akasema, akihema. "Umeshuka."

Hakumaliza msimu ule wa kahawa. Kaburi lake liko Kemondo kwenye migomba ya baba yake, nililisakafia mimi, na Koku alinichotea maji. Baada ya hapo nimepiga sakafu za watu kwa miaka mingi, nimezikanyaga zote kuzipima, na hakuna hata moja niliyoitamani. Naitamani ile shubiri moja, na mteremko wote uliokuwa umebaki mbele yake.